Kupumzisha okidi wakati wa baridi: kila aina ina yake

Dada wa Limuru kauliza kwa nini okidi yake ya Dendrobium nobile inatoa vitoto (miche midogo inayochipua kwenye shina) kila mwaka badala ya maua, wakati amefuata alichosoma: Novemba anapunguza maji, Machi anarudisha. Mdau wa Tanga naye anasema ya kwake ina afya, majani yanang'aa, ila ua hajawahi kuliona. Nawajibu kwa pamoja. Mimi niko Mbeya, na kabla ya hapo niliishi Nairobi, jirani na Limuru, kwa hiyo hali ya hewa ya huko naijua.

Kwanza, dada, hiyo ratiba ya Novemba mpaka Machi iliandikwa kwa mtu wa Uingereza au Marekani, ambaye kwake hiyo ndiyo baridi. Kwako Novemba ni vuli, mvua inanyesha na mmea unakua. Ukiufungia maji hapo unauchanganya tu. Okidi haisomi mwezi. Inapumzika ikishamaliza kukua, halafu hali ya hewa ndiyo inayoamua kama hayo mapumziko yatazaa maua au la.

Hii nobile kwao ni milima ya Nepal, Bhutan, kaskazini mashariki mwa India hadi kusini mwa China. Mvua huko humwagika miezi ya joto, kisha inakata. Baridi ikija inakuwa kavu, anga halina wingu, jua kali mchana na usiku wa kutetemesha. Mmea unaishi kwa maji uliyoyahifadhi kwenye balbu, yale mashina manene kama vijiti vya muwa. Kwa hiyo unatakiwa kuupa vitu vitatu kwa mpigo: ukavu, mwanga mwingi, na usiku wa nyuzi 10 hadi 13 hivi kwa wiki kadhaa. Kikikosekana kimoja, vile vifundo vya pembeni ya shina vinageuka vitoto.

Sasa angalia Limuru mwezi wa saba. Baridi ipo, tena ya kutosha. Lakini kuna ukungu, manyunyu, na wingu linakaa siku nzima. Mmea unapata baridi ya maji gizani, kitu ambacho kwao haukijui. Sisi wa Mbeya tumebahatika: mvua zikikata mwezi wa tano hazirudi mpaka karibu na Novemba, usiku unashuka chini ya nyuzi 10, jua linawaka kuanzia asubuhi. Nafunga maji, basi. Wewe itabidi ujenge. Weka paa la plastiki inayopitisha mwanga juu ya hizo nobile, pembeni acha wazi upepo upite, na ziwe upande unaopata jua la asubuhi. Manyunyu yasiziguse. Kuna watu wa huko wanaopumzisha Januari na Februari, na siwapingi: usiku wa Januari haupishani sana na wa Julai, na jua lipo. Masharti ni kwamba shina liwe limeshakomaa wakati huo.

Utajuaje limekomaa? Tazama ncha. Shina linalokua lina majani yanayochomoza yakiwa yamekunjana katikati, moja ndani ya jingine. Likimaliza linatoa jani moja la mwisho lililosimama peke yake, na hakuna kitu kinachochungulia nyuma yake. Siku ukiona jani hilo, mbolea simamisha, hasa yenye nitrojeni nyingi. Mimi nasimamisha hata kabla kidogo. Nitrojeni ikibaki kwenye chungu, hata baridi ya Himalaya haitakusaidia. Maji nayo punguza taratibu mpaka unyunyize asubuhi moja moja tu, pale balbu zinapoanza kukunjamana sana. Mikunjo midogo isikutishe. Majani ya shina la zamani yakidondoka, usilikate! Maua yanatoka kwenye hayo hayo mashina yaliyobaki uchi.

Kosa kubwa ninaloliona kwa watu ni kurudisha maji kwa furaha wakishaona kifundo kimevimba. Subiri ujue ni nini. Chipukizi la ua ni la mviringo, limenenepa kama punje ya dengu, na linagawanyika mapema. La mtoto ni bapa, lina ncha, na baada ya muda chini yake unaona vinundu vya mizizi. Ukimwaga maji kabla kifundo hakijaamua, chenyewe kitachagua kuwa mtoto.

Aina nyingine nazipitia haraka, ila msizichanganye, maana ukipumzisha zote kwa mtindo wa nobile utaua nusu ya banda.

Phalaenopsis, ile ya kuuzwa kwenye supamaketi, haina balbu kabisa. Akiba yake iko kwenye majani na mizizi. Usiikaushe hata siku moja. Inachotaka ni wiki chache za usiku wa nyuzi 16 hadi 18 ndipo itoe kikonyo cha maua, na Limuru hilo unalipata hata ndani ya nyumba. Vanda na Paphiopedilum nazo hazina balbu, hakuna kuzifungia maji. Cymbidium inataka usiku wa baridi lakini chungu kisikauke kabisa, punguza tu. Kwenu Limuru hiyo haina haja ya mwalimu.

Catasetum ni kinyume kabisa. Majani yakiwa ya njano na kudondoka, funga maji moja kwa moja, iache kavu kabisa kama kitunguu ghalani. Chipukizi jipya likitokea chini, bado usimwagilie. Ngoja mizizi yake mipya iwe na urefu wa kidole. Hapa subira ndiyo kila kitu, kwa sababu maji yakikaa kwenye balbu isiyo na mizizi hai inaoza kuanzia chini na wewe huoni. Lycaste zile zinazopukutisha majani nazo zinakaushwa, na angalieni vidole, zinabakiza miiba juu ya balbu.

Ya kwetu, Ansellia africana, ile yenye maua ya njano na madoa ya kahawia, imezoea nyika yenye miezi bila tone. Balbu zikikomaa ipe ukavu na jua, lakini baridi ya Limuru haiitaki. Iweke mahali penye joto zaidi bandani.

Anayetaka kuona mapumziko ya kweli aje Kitulo, uwanda wa juu huku kwetu kusini mwa Tanzania. Hifadhi hiyo ilitangazwa 2005, na okidi zake za ardhini, Disa, Satyrium, Habenaria, yanachanua wakati wa mvua. Ukifika Julai hukuti kitu, nyasi kavu tu na barafu ya alfajiri. Mmea wote umejificha kwenye kiazi chini ya udongo. Ndivyo viazi watu wanavyochimba na kuvusha Zambia kupikiwa chikanda, chakula cha huko kinachotengenezwa kwa viazi hivyo, na kila kinachochimbwa ni mmea usiorudi msimu ujao. Msinunue okidi za kuchimbwa porini, hata kama muuzaji anaapa kazipanda mwenyewe.

Mdau wa Tanga, wewe nitakuambia kwa kifupi. Kama uko mjini, hata mwezi wa saba usiku wako uko karibu na nyuzi 20. Hiyo nobile mpelekee ndugu aliye Lushoto, kule milimani kwenye baridi, na wewe tafuta Dendrobium za jamii ya bigibbum, zile za maua ya zambarau na meupe. Hizo zinapenda joto la pwani. Wakati wa kupumzika unazipunguzia maji na mbolea, basi, baridi hazihitaji. Vanda kwako zitachanua mpaka uchoke kuzipiga picha.

Dada, sasa hivi ni Aprili na masika ndiyo yamekolea kwako. Kagua ncha za mashina yote wiki hii. Yale yenye jani la mwisho, simamisha mbolea leo, na ikifika Juni yaingie chini ya paa. Yale ambayo bado yanakua yaache yamalize, utayapumzisha Januari. Tupia picha ya vifundo humu ukiona vimevimba, tutakuambia ni ua au mtoto.