Usiache Lugha ya Nyumbani kwa Hofu ya Kumchanganya Mtoto

Mwanangu alipokuwa na miaka miwili na nusu, mwalimu wake wa chekechea aliniambia kwamba alijua maneno machache kuliko wenzake, akanishauri tuache lugha yetu ya nyumbani ili tusimchanganye. Nilitii. Kwa miezi minne nilizungumza naye kwa lugha ya shule, ambayo mimi mwenyewe huisema kwa kujikaza, hadi nilipotambua kuwa nilikuwa nimeacha kumsimulia hadithi, kwani hadithi zangu zote nilizipokea kwa lugha ya mama.

Ndipo nilipochukua daftari, nikaandika kwa siku saba kila neno alilolitamka, lugha moja ukurasa wa kushoto na nyingine wa kulia. Kijiko, sabuni na njaa aliyajua kwa lugha ya nyumbani tu. Rangi na tarakimu aliziweza kwa lugha ya shule tu. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, alikuwa amehesabu ukurasa mmoja. Watoto wengi wa lugha mbili wako hivyo: msamiati wao katika kila lugha huweza kuwa mdogo, lakini ukijumlisha zote mbili, hukaribiana na wa mtoto wa lugha moja.

Hofu hii si ya leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 watafiti wengi waliamini kwamba lugha mbili hudumaza akili, ingawa mara nyingi waliwapima watoto wa wahamiaji maskini kwa lugha wasiyoimudu. Mwaka 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka 10 mjini Montreal, Kanada, wakizingatia pia hali za familia zao, na wale wa lugha mbili wakafanya vizuri zaidi. Kama faida hiyo ni ya kila mtoto, wataalamu bado wanabishana. Kwangu mimi yatosha kujua kwamba hawadhuriki.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, sema na mwanao lugha inayokutoka moyoni, wala usimkemee akichanganya maneno, kwa maana huazima upande mmoja kile alichokikosa upande wa pili. Ila akifika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili katika lugha yoyote, usisingizie lugha mbili; mpeleke kwa mtaalamu wa matamshi na lugha, na ubebe daftari lenye kurasa zote mbili.