Wiski ya kumpa mzee bila kuumiza mfuko

Ndugu, kwa kuwa mzee anastaafu na bajeti yako ni ya kubana, achana na maboksi yanayong'aa. Humo unalipia karatasi. Chungulia kwanza anachonunua mwenyewe. Kama anapenda laini, chukua Jameson: hukenekwa (huchemshwa na mvuke wake kupoozwa uwe kinywaji) mara tatu, haikwaruzi koo. Kama anapenda ladha ya moshi, jikamue ufike Johnnie Walker Black Label. Ile 12 kwenye lebo ni umri, kwa miaka, wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Nunua duka linalotoa risiti, ukague kizibo na stempu ya TRA (mamlaka ya mapato Tanzania), maana feki zipo. Halafu muulize mama pembeni: mzee anatumia dawa za presha au sukari? Kama ndiyo, daktari wake aulizwe kabla hujalipa.