Gari la kilo 1,000 litasimama baada ya mita ngapi?

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba gari lenye tungamo la kilo 1,000 linakwenda kilomita 72 kwa saa, breki zake zinatoa kani ya nyutoni 5,000, nawe umepata kwamba litasimama baada ya mita 518, ilhali jibu la mwalimu ni mita 40. Kanuni uliyotumia, ya kulinganisha nishati ya mwendo na kazi ya breki, ni sahihi. Tatizo liko kwenye vipimo: umeingiza 72 kama ilivyo, wakati jouli, yaani kipimo cha nishati, hutokana na kilo, mita na sekunde. Gawanya 72 kwa 3.6 upate mita 20 kwa sekunde. Kwa kuwa kasi huzidishwa kwa yenyewe, tofauti ya mara 3.6 imekua ikafika karibu mara 13.

Tangu nianze kufundisha fizikia na kemia kidato cha tatu, nimekuwa nikiwasihi wanafunzi wasiguse kanuni yoyote kabla ya kuandika sentensi moja inayoeleza nishati ilikuwa wapi na imeishia wapi. Hapa nishati ya mwendo, yaani nusu ya 1,000 mara 20 mara 20, ni jouli 200,000, na msuguano wa breki umeigeuza yote kuwa joto. Kazi ya breki, yaani nishati ambayo zinaiondoa kwenye gari, ni kani mara umbali, kwa hiyo 200,000 ukigawanya kwa 5,000 unapata 40. Kasi ikiwa maradufu, gari litahitaji mita 160, na natamani kila dereva alijue hilo. Ukiulizwa muda, hata hivyo, achana na nishati urudi kwenye mchapuko: kasi inapungua kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, hivyo gari linasimama baada ya sekunde 4.

Kwenye kemia njia ni hiyohiyo. Kilo moja ya maji huhitaji takribani jouli 4,200 ili jotoridi lipande digrii moja, kwa hiyo joto la breki zile lingeyapandisha digrii 48 hivi. Katika jaribio la kupasha maji kwa kuunguza ethanoli, wengi huingiza tungamo la ethanoli mahali pa tungamo la maji, ingawa maji ndiyo yaliyopokea joto. La ethanoli huhitajika baadaye, unapotafuta nishati iliyotolewa na kila moli (kipimo cha kiasi cha dutu). Jibu lako likiwa chini sana ya kilojouli 1,367 kwa moli zinazotajwa vitabuni, usilifute. Andika kwamba sehemu ya joto imepotelea hewani na kwenye kopo.