Ndiyo, presha peke yake inaweza kumvuruga mtu akili

Mkuu, umeuliza kama presha inaweza kumfanya mama yako mkubwa aongee visivyoeleweka, maana ndugu wanasema malaria imempanda kichwani na wengine wameshataja kurogwa. Inaweza kabisa. Nimeiona kwa shangazi yangu kule Kibaigwa.

Alikuwa ameacha vidonge kwa sababu alijisikia mzima. Kikaanza kichwa, kinauma hasa kisogoni, akatapika. Kesho yake anamimina chai pembeni ya kikombe, inatiririka mezani, hana habari. Halafu akauliza mbona tumezima taa. Saa saba mchana, jua linawaka! Wakati tunahangaika na gari akaanza kukakamaa na kutetemeka kama mwenye kifafa.

Hospitalini Dodoma mjini mashine ilisoma 230/130. Malaria hakuna. Daktari akatueleza kwamba presha ikipanda, mishipa ya ubongo hujibana ili damu isiingie kwa nguvu. Ikizidi uwezo wake, inashindwa kujibana, maji yanavuja kutoka kwenye damu na ubongo unavimba. Mara nyingi sehemu ya nyuma ndiyo inayoathirika zaidi, na huko ndiko ubongo unakotambua kile macho yanachokiona. Ndiyo maana macho yake yalikuwa mazima lakini haoni. Wakampiga na CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa, kwa sababu presha ya namna hiyo hupasua mishipa pia, na kiharusi hakitibiwi vilevile.

Kinachonitia hofu zaidi ni ndugu kumrundikia mgonjwa vidonge nyumbani ili presha ishuke chapchap. Tafadhali msifanye hivyo. Aliyeishi na presha ya juu kwa miaka, ubongo wake umeshauzoea ule msukumo. Ukiushusha ghafla, damu haifiki ya kutosha na kiharusi unamletea wewe. Shangazi alishushiwa kwa dripu, polepole, na saa ya kwanza hawakutaka ipungue zaidi ya robo. Mjomba akawa anagomba mbona bado iko 180, muuguzi akamwambia, "Baba, ndivyo tunavyotaka."

Kuona kulirudi taratibu, na maneno yakanyooka. Ila ni kwa sababu aliwahi. Anayecheleweshwa anaweza kubaki na ulemavu au kufariki.

Kwa wenye mjamzito nyumbani: kichwa kisichoachia au kuona maruweruwe, asisubiri kufika namba hizo. Kwake 140/90 tu inatosha kumpeleka, kifafa cha mimba hakingoji.

Mama mkubwa mpelekeni leo hii, mkuu. Akikakamaa njiani mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni wala kumnywesha chochote. Wakitaka kupima malaria na sukari wapime, lakini ombeni presha ipimwe palepale mapokezi. Na bebeni paketi za dawa zake zote, hata zilizoisha, daktari ajue alikuwa anameza nini na aliacha lini.