Je, kuna atakayelipia ushauri wa lishe bila kupewa dawa?

SWALI: Shikamoo dada. Nilisomea lishe SUA, Morogoro, nikajitolea hospitalini kwa muda, lakini ajira ya serikali bado sijapata. Sasa nataka kujiajiri hapa Mbeya kama mshauri wa lishe. Kila ninayemgusia ananiuliza, "Utakuwa unatoa dawa gani?" Kuna watu wamenifuata niwauzie makopo ya poda ya virutubisho, kila kopo nipate kamisheni. Mama anasema nikubali, maana hapa Mwanjelwa hakuna atakayetoa hela yake kulipia maneno. Nianzie wapi?
Msomaji, Uyole

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Makopo yaache. Ukishaanza kula kamisheni, kila mgonjwa atakayekaa mbele yako utamtafutia sababu ya kununua kopo, hata yule ambaye shida yake ni vijiko vitatu vya sukari kwenye chai. Tena wapo ambao poda hizo zitawaumiza. Mtu ambaye figo zake zimechoka hupimiwa protini na potasiamu kwa uangalifu. Wewe utampaje kitu kilichojaa vyote viwili, ukajiita mtaalamu?

Mama yako anakutakia mema, lakini watu wanalipa. Nimewaona wakilipa, wakarudi, wakaleta na shemeji zao. Ila hawalipii mhadhara wa makundi ya chakula. Hayo wanayasikia redioni bure.

Nikupe mfano mmoja. Alinijia mzee wa Tukuyu mwenye kisukari, mfukoni ana karatasi ya mlo aliyopewa mahali fulani. Imeandikwa shayiri ya kuagizwa, brokoli, samaki wa salmoni. Kwa kuwa hivyo vyote hakuvipata, asubuhi akawa anakunywa chai kavu na kushinda njaa, jioni anakula kwa hasira. Nikamuuliza, "Jana mchana ulikula nini, baba?" Akasema, "Kawaida tu." Nikaweka sahani mezani nikamwomba anioneshe kawaida yake inafika wapi. Ndizi za kupika zilijaa mpaka ukingoni, maharage kijiko kimoja pembeni, mboga hakuna. Tukapanga upya palepale: ndizi zibaki robo ya sahani, maharage au samaki robo nyingine, nusu nzima iwe majani ya maboga, kabichi, chochote cha kijani kilichopo bustanini. Sukari ya chai tukaiondoa. Parachichi alikuwa ameliacha akidhani ni haramu kwake, na mti anao uani. Nikamruhusu nusu tunda, maana sukari yake ni kidogo sana na figo zake zilikuwa nzima. Hakununua kitu kigeni hata kimoja.

Hiyo ndiyo kazi utakayolipwa. Kwa hiyo kwenye chumba chako nunua kwanza sahani, bakuli, kikombe, vijiko, na mizani ya kuaminika. Kabati la dawa hulihitaji.

Jambo moja usilichezee hata siku moja. Mgonjwa anayechoma insulini au anayemeza kidonge cha kushusha sukari kama glibenklamidi, ukimpunguzia wanga bila daktari wake kuangalia upya dozi, sukari inaweza kushuka akaanguka njiani. Mpigie daktari kabla hujabadilisha sahani. Na usithubutu kumwambia mtu aache dawa kwa sababu mlo wake umekuwa mzuri.

Bei itaje kabla mtu hajakaa. Ukiitaja baada ya mazungumzo, anaona umemtega. Ziara ya kwanza itakula saa nzima, za marudio nusu saa. Panga malipo kwa kufuata hilo. Namba ya mlipakodi na leseni ya biashara shughulikia mapema.

Ila usitegemee wagonjwa wa mmoja mmoja tu. Kaandikishiane mikataba na shule za bweni, kliniki binafsi, vituo vya kulelea wazee. Ingia jikoni mara moja au mbili kwa mwezi, kagua ratiba ya chakula, andika ulichokiona, rudi uone kama kimebadilika. Shule nyingi ni ugali na maharage mchana na jioni, na mboga ikiwepo inaivishwa mapema mno, inakaa motoni mpaka imepoteza vitamini C. Mara nyingine utawashauri jambo lisilogharimu hata shilingi: chai ya rangi isinywewe pamoja na maharage, maana inazuia mwili kunyonya madini ya chuma. Isogezwe saa moja au mbili mbele, na machungwa yakiwepo yaliwe na mlo. Kwa wasichana walioanza hedhi hilo si dogo.

Kazi ipo, mdogo wangu, na inaniuma kwamba ipo kwa wingi hivi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano Iringa, na karibu 50 Njombe na Rukwa, wakati nchi nzima ni 30. Hii ni mikoa inayolisha wengine! Magunia ya mahindi yamejaa ghalani, mtoto anapewa uji wa mahindi mtupu kwa sababu mama kashinda shambani na hakuna aliyekaa naye kumwonesha namna ya kutia maharage yaliyosagwa, maziwa au dagaa kwenye kibakuli kilekile. Kaa nao.

SWALI: Nimepewa rufaa kwa mshauri wa lishe kwa ajili ya presha. Niende na nini?
Msomaji, Makambako

JIBU: Beba dawa zako zote, za hospitali na za kienyeji, pamoja na majibu ya vipimo. Andika ulichokula siku tatu, moja iwe Jumapili, na usifiche soda wala ulanzi. Kiasi cha chumvi kwa mtu mzima kinatakiwa kisifike gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa hiyo angalia pakiti yenu ya chumvi inaisha baada ya siku ngapi na nyumbani mnakula wangapi. Kama si wewe unayepika, nenda na anayepika.