Ushirazi wa babu wa Pangani: nani ateme mate?

Dada, umeuliza kama mate yako yakipimwa DNA yataonyesha Ushirazi (asili ya Uajemi) wa babu yako mzaa baba, yule wa Pangani. Kwa mstari huo wa baba kwa baba, hapana. Kromosomu Y, kipande cha DNA walicho nacho wanaume, baba humpa mtoto wa kiume tu, wewe huna. Mbembeleze kaka yako, au baba mdogo, au mwanawe wa kiume. Mate yako yatakupa upande wa bibi mzaa mama, kwa DNA ya mitokondria: mama huwapa watoto wote, ila mabinti ndio huirithisha.

Na pande mbili zikipishana usishtuke. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, Mtwapa na Kilwa zikiwemo: kwa wengi umama ulikuwa wa Kiafrika, ubaba ukaelekea Uajemi.

Lakini Y haimjui mama wa babu. Kama alikuwa Mzigua au Msegeju, haitasema. Hapo pima DNA ya jumla, ile inayotoka kwa mababu wa pande zote. Kaka asile, asinywe chai wala kuvuta sigara nusu saa kabla ya kutema.