Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Mwenzi Utakayepewa

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, mguu wa baba yako unaendelea kupata nafuu, na bibi yako wa Pongwe hakosi kukuulizia kila Jumapili. Barua yako kutoka Dodoma nimeisoma, kisha nikamsomea na baba yako. Unasema rais wa tawi, kiongozi wa kusanyiko lenu la huko, amekwisha kukuhoji, fomu za umisionari wa kanisa letu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, umezijaza hadi nusu, na kabla hujazimaliza unataka nikueleze bila kukuficha ni jambo gani la kila siku lililonielemea zaidi nilipokuwa mmisionari Kenya. Umenitajia mwenyewe unayoyahofia: kuamka mapema, kufukuzwa milangoni, na kukaa mbali na nyumbani. Yote matatu yapo, lakini hakuna hata moja lililonielemea kuliko mengine. Jambo lenyewe ni mwenzi, yaani yule dada mmisionari mwingine utakayepangiwa kuishi naye, na ndiye nitakayekuandikia habari zake zaidi.

Kuamka mapema kusikusumbue, kwa kuwa umelelewa katika nyumba ambayo mtu akilala hadi saa moja huamshwa na kelele za ndoo. Ratiba ya wakati wetu ilikuwa kuamka saa kumi na mbili na nusu, kufanya mazoezi, kuoga, kunywa uji, kusoma maandiko kila mtu peke yake na kisha wawili pamoja, kutoka saa tatu na nusu asubuhi, kurudi saa tatu na nusu usiku, na kuzima taa saa nne na nusu. Tangu mwaka 2017 ratiba hiyo imelegezwa kidogo, na wenzi wanaruhusiwa kupanga baadhi ya saa zao kulingana na mahali walipo. Mwili huzoea baada ya majuma machache, hata ukirudi nyumbani unaendelea kuamka saa ile ile pasipo kuambiwa na mtu.

Kuhusu milango, huko Umoja na Buruburu, mitaa ya Nairobi nilikotumikia mwaka 2000, watu hawakutufukuza. Walitukaribisha, wakatupa viti, wakatusikiliza hadi mwisho, wakaahidi kwa moyo mweupe kuja kanisani Jumapili, na Jumapili hawakuonekana. Hilo huchosha kuliko kufukuzwa, kwa sababu anayekufukuza unamsahau ukivuka barabara, ilhali aliyekuahidi unamwekea kiti. Siku zile tulifundisha kwa masomo sita tuliyoyahifadhi kichwani kwa mpangilio. Mwongozo uliotoka mwaka 2004 uliondoa utaratibu huo, na sasa mmisionari hupanga somo kulingana na mtu aliye mbele yake. Nakuonea wivu kidogo kwa hilo.

Sasa nije kwa mwenzi. Kanuni ni kwamba mmisionari hakai peke yake. Mwenzi wako anapaswa kukuona na kukusikia wakati wote, isipokuwa ukiwa bafuni au ukihojiwa na rais wa misheni, yule anayewaongoza wamisionari wote wa eneo lenu, na nadhani ndiyo maana mabafu ya wamisionari hukaliwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mnalala chumba kimoja, mnakula pamoja, mnakwenda sokoni pamoja, na mmoja akiugua wote wawili hukaa ndani. Humchagui. Rais wa misheni ndiye anayepanga, na kila baada ya majuma sita au karibu na hapo huja habari za uhamisho: ama wewe unaondoka, ama yeye, ama mnaendelea pamoja. Kanuni hii mimi naiona ya busara, kwa maana wasichana wawili wageni wanaorudi nyumbani usiku katika mji wasioujua wanahitaji kuwa wawili. Lakini kuwa na busara hakuifanyi kuwa nyepesi.

Usijidanganye kwa kusema kwamba umezoea kubanana. Mimi pia nilidhani hivyo, kwa kuwa nililala chumba kimoja na ndugu na binamu zangu hapa Ngamiani tangu nikiwa mdogo. Nyumbani ukichoshwa na binamu yako unajitanda kanga yako, unakwenda kwa shangazi Chumbageni, unarudi jioni hasira zimekwisha. Kwenye misheni hakuna shangazi. Yule aliyekukera saa mbili asubuhi ndiye utakayeketi naye kwenye matatu saa tatu na nusu, ndiye utakayepiga naye hodi saa nne, na mwenye nyumba atakapofungua mlango mnatakiwa wote wawili muwe na nyuso za watu wanaopendana.

Mwenzi ninayemkumbuka sana alitoka Zimbabwe, alikuwa mwalimu kabla ya kuitwa, na alinizidi umri. Alikuwa mtaratibu kupita kiasi. Alipiga pasi sketi yake kila asubuhi hata siku ambazo umeme ulikuwa umekatika, kwa pasi ya mkaa aliyoazima kwa mama mwenye nyumba, huku mimi nikisubiri mlangoni na begi begani. Kiswahili alikuwa akijifunza. Kwa hiyo tulipoingia katika nyumba za watu, wenyeji walinigeukia mimi, wakaniuliza mimi, wakacheka na mimi, naye akaketi pembeni akiwa ameshika Biblia yake kama mgeni aliyesindikizwa. Hakuna aliyekosea, mambo huwa hivyo pale mmoja anapokuwa na lugha na mwingine hana.

Kuna kikao ambacho wenzi hutakiwa kukifanya kila juma, ambapo huketi, huomba, kisha kila mmoja humwambia mwenzake yanayokwenda vizuri na yanayokwama. Wengi hukipitisha haraka haraka kwa maneno matamu ili waende kulala. Jioni moja mwenzangu aliivua ile beji nyeusi yenye jina lake na jina la Kanisa, akaiweka mezani kati yetu, akasema kwa utulivu, “Kila nyumba tunayoingia, wewe ndiye mmisionari, mimi ni mzigo wako.” Hakusema kwa hasira. Tulikaa kimya kidogo, kisha tukakubaliana kwamba kuanzia juma lile yeye ndiye atakayeanza kila somo, kwa Kiswahili chake hicho hicho, nami nisimwokoe hadi aniangalie.

Juma lililofuata tulikwenda kwa mama mmoja mshonaji, aliyekuwa akitusikiliza muda wote huku anashona, mguu hautoki kwenye pedali. Mwenzangu alipoanza kusema juu ya “kitabu hii”, yule mama alisimamisha cherehani, akageuza kiti, akamrekebisha, “Kitabu hiki, dada,” kisha akamwambia aendelee. (Nairobi wenyewe husema “kitabu hii” mchana kutwa, lakini mgeni hupewa sarufi nzuri.) Tangu siku ile cherehani haikufanya kazi wakati wa somo. Alipokuwa ananisikiliza mimi, mshonaji yule alikuwa anapewa hotuba. Alipomsikiliza mwenzangu, alikuwa na kazi ya kufanya, ya kumsaidia mtu afikishe neno lake. Hakubatizwa, ukitaka kujua. Lakini ndiko nilikojifunza kumsikiliza niliyekuwa natembea naye, na uhamisho ulipokuja nilisikitika kuliko nilivyotarajia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kinachokukera kiseme kwenye kikao, kwa maneno, wala usikiseme kwa kununa, kwa sababu chumba ni kidogo na mnuno hujaa chote. Muulize mapema ameacha nini kwao, maana wengine wameacha mama mgonjwa, wengine wamekuja familia ikiwa imekasirika, na utakayedhani ana kiburi huenda usiku hapati usingizi. Na kama mwenzi anakudhulumu kweli, au anavunja kanuni kwa namna inayowaweka hatarini, hilo si la kikao tena. Mwambie rais wa misheni au mke wake. Kila juma utamwandikia rais barua, na haisomwi na mwenzako. Kusema hapo si umbea.

Umeniuliza pia tulivumilia vipi bila habari za nyumbani. Tuliandika barua, zikachukua muda wake posta, na simu iliruhusiwa wakati wa Krismasi na Siku ya Mama tu. Bibi yako alikuwa akienda kuisubiri kwa jirani aliyekuwa na simu ya mezani, amevaa vizuri kama anayekwenda harusini. Tangu Februari 2019 wamisionari wanaruhusiwa kuzungumza na familia zao kila juma katika siku ya maandalizi, ile siku ya kufua, kusuka nywele na kununua chakula. Nitafurahi kukuona kwenye simu. Ila nakuomba, malalamiko juu ya mwenzako usiniletee mimi kwanza. Nyinyi mtagombana asubuhi na kupatana kabla ya jua kuzama, na mimi huku nitabaki na kinyongo juu ya mtoto wa watu hadi simu ya juma linalofuata.

La chai litakushangaza zaidi kuliko unavyofikiri. Sisi hapa Tanga wanatujua kwamba kanisani kwetu chai ya majani hainywewi, na mchaichai wetu na tangawizi vinatosha. Kenya nilipewa kikombe cha chai ya maziwa karibu kila nyumba, tena imeshamiminwa kabla sijaketi, na kumrudishia mwenye nyumba kikombe chake si jambo jepesi. Kubalianeni kabla ya hodi ni nani atakayesema kwamba hamnywi chai, na aseme mapema, akitabasamu, kisha aombe maji. Wako akina mama waliotuchemshia maziwa matupu, wakasema hayo hayana majani, kunyweni. Lakini huenda usipelekwe Kenya. Barua ya wito ndiyo itakayosema, na mahali hatuchagui.

Mengine ni madogo. Wakati wangu dada hakuitwa kabla ya kutimiza miaka 21. Mwaka 2012 umri ulishushwa hadi 19, na mwaka 2025 hadi 18, kwa hiyo huenda ukawa na wenzi wadogo kwako, na utalazimika kuwavumilia bila kuwalea. Muda wa akina dada ungali miezi 18. Suruali za heshima zimeruhusiwa tangu mwisho wa 2018, lakini chukua na sketi zinazopita goti na zisizohitaji pasi, kwa sababu unazozijua. Viatu nunua vya ngozi, vyenye soli ya kushonwa, uvivae kwanza hapo Dodoma hadi vilainike. Mshahara hakuna, unalijua hilo. Unachangia unachoweza wewe, sisi na tawi, na kinachopungua hutoka katika mfuko wa jumla wa wamisionari. Baba yako anasema ng'ombe mmoja atauzwa, na hataki kubishana juu yake.

Fomu za daktari na za meno usizilipie huko kabla sijaulizia bei hapa. Lile jino la nyuma lizibwe kwanza, usimwambie daktari haliumi. Tutumie tarehe utakayokuja ili nimwambie fundi aanze sketi.

Mama yako